Jinzi Mbichi na Sufuria ya Stachi: Mwongozo kwa Anayetaka Suruali Isimame Peke Yake

Zima jiko kwanza. Uji wa wanga unaoukoroga kwa ajili ya jinzi yako mpya hauna kazi leo, maana jinzi hiyo ilikunywa uji kabla hujaiona. Kiwandani, nyuzi za mtande, zile zinazokwenda na urefu wa kitambaa, hupitishwa kwenye wanga uliopikwa kabla ya kufika kwenye mtambo wa kufumia, ili zisikatike zinapovutwa na kusuguana. Jinzi za kawaida hufuliwa baadaye, wanga ukatoka, zikafika dukani zikiwa laini. Jinzi mbichi haifuliwi. Inakufikia na wanga wake wote, imekakamaa, buluu yake imekaribia weusi, na ukiiegemeza ukutani haina haraka ya kuanguka. Kuiongezea stachi siku hiyo hakuipi kitu isichonacho. Kutakuongezea shida ya kupanda ngazi tu.

Swali lenyewe linakuja baadaye, siku utakapoifua mara ya kwanza na wanga wa kiwandani ukaondoka na maji. Hapo ndipo watu wazima, wenye kazi na familia, hubishana hadi chai ikapoa: tutie tena au tusitie?

Tuelewane kwanza kuhusu kinachotafutwa. Nili, ile rangi ya buluu ya jinzi, haifiki hadi kwenye moyo wa uzi. Nyuzi za pamba hukusanywa zikawa kamba nene, zikazamishwa kwenye pipa la nili, zikatolewa zipate hewa, zikazamishwa tena. Na kila zinapokutana na hewa rangi hugeuka kutoka kijani kuwa buluu na kugandia nje. Ukiukata uzi huo unakuta kiazi kitamu: ganda lina rangi, ndani kweupe. Kila msuguano humenya ganda kidogo. Kitambaa kikikunjika, mgongo wa mkunjo ndio unaosuguliwa zaidi, kwa hiyo hupauka kabla ya bonde lililo pembeni yake. Miezi ikipita, mistari myeupe inatokeza mapajani, mtandao unajichora nyuma ya magoti, na simu inaacha mstatili wake mfukoni. Wajapani, ambao wameliendea jambo hili kwa bidii kuliko wote, huiita mistari ya mapajani ndevu, na ule mtandao sega la nyuki. Jinzi ya dereva wa bodaboda haitafanana na ya karani wa benki hata wakizinunua siku moja, kwa sababu mmoja ameikalia pikipiki na mwenzake amekalia kiti.

Najua utaambiwa kwamba duka lolote lina jinzi zilizokwisha kupauka, kwa nini ujitese? Jibu lipo. Zile zimepaushwa na mtu mwingine. Kuna zilizopigwa msasa kwa mkono, kuna zilizopuliziwa gundi na kuokwa ndani ya tanuri ili mikunjo ya uongo isimame, na kwa miaka mingi kulikuwa na zilizorushiwa mchanga kwa nguvu ya upepo wa mashine. Vumbi la mchanga ule liliingia kwenye mapafu ya wafanyakazi vijana wa Uturuki, wengine wakafa, na mwaka 2009 nchi hiyo ikaipiga marufuku kazi hiyo. Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aipaushe jinzi yake kwa magoti yake mwenyewe.

Sasa twende kwenye stachi, na safari inaanzia Texas. Kule stachi ni heshima. Wachunga ng'ombe na wapenzi wa rodeo hupeleka jinzi kwa dobi na kutaja kiwango: nyepesi, ya kati au nzito. Aliyeagiza nzito hurudishiwa suruali iliyobanwa bapa, yenye mstari wa pasi mbele tangu kiunoni hadi kwenye buti, na miguu ya suruali imegandana kiasi kwamba inabidi apenyeze mkono kuifungua kabla ya kupenyeza mguu wake. Suruali hiyo kweli husimama peke yake sakafuni. Jinzi ya Wrangler 13MWZ, iliyotoka mwaka 1947 kwa ubunifu wa fundi wa Philadelphia aliyejulikana kwa jina la Rodeo Ben, imevaliwa hivyo na vizazi vya watu. Mtu wa Texas hutia stachi ili suruali isiwe na mkunjo hata mmoja, isipokuwa ule mstari aliouagiza na kuulipia.

Vuka bahari hadi Japani, nchi ambayo ilianza kushona jinzi zake katikati ya miaka ya 1960 katika mji wa Kojima, mkoani Okayama, penye mafundi waliozoea kushona sare za shule. Wapo huko wapenzi wa jinzi wanaotia stachi ileile kwa kusudi lililo kinyume kabisa. Wanataka mikunjo, tena mingi, mikali, isiyohama. Wakishafua hutia stachi, wakavaa, wakaacha mwili uvunje kitambaa mahali palepale kila siku, hadi ndevu zitokeze nyeupe juu ya buluu nzito.

Kwa hiyo anayekuuliza kama stachi ni nzuri au mbaya kwa jinzi hajauliza swali lililokamilika. Stachi hushika umbo ililokaukia. Ikikaukia chini ya pasi, itatunza ubapa. Ikikaukia mwilini mwako, itatunza mikunjo yako. Mabishano mengi ninayoyasikia yangekwisha kama kila upande ungemuuliza mwenzake: yako ilikaukia wapi?

Fuata basi utaratibu huu. Angalia kwanza kama kitambaa chako kimepitia njia ya Sanford Cluett, yule Mmarekani aliyebuni mtambo wa kukipunguza kitambaa kabla hakijashonwa. Kikiwa kimepitia, suruali itapungua kidogo sana majini, nawe unaweza kuanza kuivaa leo. Kama hakikupitia, inaweza kupungua hadi asilimia 10, na hapo kuivaa miezi mitatu kisha kuifua ni kujitengenezea huzuni: mistari itapanda kutoka mahali pake na kifundo cha mguu kitaonekana. Hiyo ilowekwe kwanza kwenye maji ya moto bila sabuni, ianikwe kivulini, ndipo ivaliwe. Maji yatachukua sehemu kubwa ya wanga wa kiwandani, hivyo mwenye suruali hiyo analikuta swali la stachi mapema kuliko wenzake.

Halafu vaa. Hapa hakuna ufundi mwingine. Vaa ukienda kazini, vaa ukichuchumaa bustanini, vaa ukisubiri daladala au matatu. Goti likikataa kukunjika wiki ya kwanza, lisihi. Katika kipindi hiki utakutana na washauri wawili ambao ningependa uwapite kwa salamu tu. Wa kwanza atakwambia uingie nayo baharini na uisugue kwa mchanga. Bahari yetu ni nzuri na mchanga upo wa kutosha, lakini mchanga haujui mikunjo yako iko wapi. Utapausha kila mahali kwa usawa, na ule usawa ndio tunaoukimbia. Wa pili atakwambia usiifue kabisa, uiweke kwenye friza. Ni kweli mwaka 2014 mkuu wa kampuni ya Levi's wakati huo, Chip Bergh, alisema hadharani kwamba jinzi aliyoivaa siku hiyo ilikuwa na mwaka bila kufuliwa. Ni kweli pia kwamba Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilipima jinzi ya mwanafunzi aliyeivaa miezi 15 bila kuifua, na bakteria waliokutwa walikaribiana na wale waliokutwa baada ya kuifua na kuivaa siku 13. Lakini Alberta kuna theluji. Mtu wa Tanga au Mombasa anayepanda basi saa saba mchana anawajibika kwa aliyeketi jirani yake. Na baridi ya friza huwalaza bakteria wengi bila kuwaua. Wakipata joto la mwili wanaamka na kuendelea na kazi. Ikinuka, ifue.

Ifue ndani nje, kwa maji ya baridi na sabuni kidogo. Zingatia kwamba sabuni nyingi za unga za siku hizi zina vimeng'enya vinavyomeng'enya wanga, kwa hiyo kama bado unataka kuhifadhi wanga wa kiwandani uliobaki, tumia sabuni ya kawaida isiyo na makuu.

Sasa washa jiko, kama utaona ipo haja. Haja haipo kwa kitambaa kizito. Uzito wa denimu, yaani kitambaa cha jinzi, hupimwa kwa aunsi kwa yadi ya mraba; kampuni ya Iron Heart ya Japani inajulikana kwa aunsi 21, na Naked & Famous ya Montreal iliwahi kutoa ya aunsi 32. Vitambaa hivyo vinakunjika kwa ubishi bila msaada wa uji. Haja ipo kwa kitambaa cha aunsi 14 kushuka chini, ambacho kikishafuliwa hulainika na kusahau mikunjo yake.

Tumia wanga wa muhogo au wa mahindi, si unga wake, kwa sababu unga huacha chembe zinazokauka zikawa vumbi jeupe juu ya suruali. Vuruga vijiko viwili vya chakula kwenye kikombe cha maji baridi hadi visiwe na madonge, mimina polepole kwenye lita moja ya maji yanayochemka, koroga mpaka weupe uishe na uji uwe angavu, kisha uchuje. Usizamishe suruali nzima. Chukua sifongo, pakaza kwenye mapaja upande wa mbele na nyuma ya magoti, basi. Pale mapaja yanapokutana usipaguse: ndipo jinzi nyingi hutobokea, na nyuzi zilizokakamazwa na stachi hazikunjiki tena, zinakatika. Ianike hadi ibaki na unyevu kidogo, ivae, na uishi nayo nyumbani mpaka ikauke: kaa, chuchumaa, inuka, panda ngazi. Majirani watasikia suruali ikilia. Ndivyo inavyotakiwa.

Mtu wa pwani ajue kwamba wanga hunywa unyevu. Lamu mwezi wa Aprili, stachi ya asubuhi itakuwa imenata mapajani kabla ya adhuhuri, na suruali iliyotundikwa kabatini ikiwa na stachi ni karamu ya mende na mwanzo wa ukungu. Wa Njombe na Limuru wana raha zaidi. Kwa wa pwani, ushauri wangu hauna mzunguko: achana na stachi, vaa zaidi, vumilia. Ndevu zitakuja laini na pana, na mimi naziona nzuri kuliko zile kali za wanga. Kwa wa bara nasema mara mbili zinatosha, baada ya ufuaji wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo mistari imeshashika mahali pake, na kila stachi ya ziada inaharakisha tundu.

Ukiipeleka kwa dobi, usimwachie suruali ukaondoka. Zungumza naye.

"Shikamoo, mzee. Naomba hii usiipige pasi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa umeileta kwa nini?"

"Kufua tu, kwa maji baridi, na isianikwe juani."

"Na mikunjo hii?"

"Hiyo iache ilivyo. Nimeitafuta mwaka mzima."

Atakutazama. Mlipe bei ya kufua na pasi, kwa sababu umemnyima sehemu ya kazi aliyoizoea na itamuuma. Kisha kila mwezi geuza suruali ndani nje, ishike kuelekea dirishani, na kagua pale mapaja yanapokutana. Ukiona mwanga unapenya, usingoje tundu lifunguke. Mpelekee fundi cherehani siku hiyohiyo, na kipande cha denimu cha kuunga kwa ndani, na umwombe uzi wa buluu iliyopauka, si mweusi.