Jinsi ya Kulewa Bila Kuvunja Sheria: Toleo la Cyanzarwe

Umeuza viazi hapa Cyanzarwe, wilayani Rubavu, Rwanda; mfuko umenona, koo linakereketa. Kabla hujaagiza, zingatia haya.

1. Kunywa cha kiwandani. Bralirwa, iliyoanzishwa 1957, hupika bia humu humu wilayani Rubavu, kwa hiyo unawaunga mkono majirani. Tangu 2025 ushuru wa bia ni asilimia 65 ya bei ya kiwandani. Mtu akikuita mlevi, msahihishe: wewe ni mlipakodi unayepepesuka kwa ajili ya taifa.

2. Usiguse kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Imeorodheshwa pamoja na dawa za kulevya, na kwa sheria ya 2018 muuzaji hula miaka 7 hadi 10 gerezani, juu yake faini ya faranga milioni 5 hadi 10. Kreti la bia ya Primus sebuleni ni sherehe. Nusu lita ya kanyanga ni kesi.

3. Ukipenda ikigage, pombe ya mtama, dai mrija wako. Kupokezana mrija mmoja, kama walivyofanya babu zetu, kumepigwa marufuku kwa ajili ya afya. Undugu upo, ila kila mtu anyonye kivyake.

4. Heshimu saa. Tangu Septemba 1, 2023, mwisho wa baa ni saa saba usiku. Ijumaa na Jumamosi, saa nane. Usihofu. Anayewahi shamba alfajiri huwa anakoroma tangu saa tatu, kwa hiyo kanuni hii utaitii usingizini.

5. Usionekane umelewa. Ni marufuku kumuuzia aliyekwisha kulewa, au aliye chini ya miaka 18. Beba kitambulisho, keti wima, na ukiulizwa unatoka wapi, tamka "Cyanzarwe" mara moja bila kukwama. Ukiona ulimi mzito, sema Gisenyi.

6. Rudi kwa miguu, ukijua Kongo iko upande gani. Mpaka uko jirani, na askari wake hawana utani. Ukikutana na irondo, doria ya usiku, wahi wewe kusalimia.

7. Hesabu chenji. Kwa bei hizi utakuwa umekunywa chupa moja, na chupa moja haimleweshi mtu: sheria imefaulu. Aliyekosa hata pesa ya hiyo moja usimtafute baa. Yuko kwenye hatua ya 2, anaisoma kama menyu.