Kiti cha Waya

Baa ya mtaani kwetu Magomeni haina jina. Lililokuwepo liliunguzwa na jua, zikabaki herufi tatu na picha ya chupa, na hakuna aliyeona haja ya kukipaka kibao rangi upya. Anayeijua anaijua, asiyeijua ana launji zake, ambako bia ileile inapanda bei kwa sababu imevishwa tishu shingoni.

Kwetu mhudumu haulizi unakunywa nini. Anauliza tu, “Ya moto au ya baridi?” maana bia yako anaijua kuliko mkeo. Bili haiandikwi. Chupa tupu zinabaki mezani mpaka unaondoka, ndizo hesabu, na ukienda msalani nenda mbio, la sivyo utakuta jirani amekusogezea zake mbili. Kila Ijumaa wazee wawili wanabishana: Msondo au Sikinde? Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, Sikinde ikaja 1978, lakini kwa jinsi wazee wale walivyobobea, naamini ubishi ulizitangulia bendi.

Nilitaka kusema habari za viti. Ni vile vya plastiki, vyekundu enzi zake, sasa rangi ya fizi. Kikipasuka hakitupwi. Mwenye baa anatoboa matundu kwa msumari wa moto kandokando ya ufa, kisha anakishona kwa waya kama gunia la mkaa. Changu kina mshono unaoshuka mgongoni hadi kwenye kalio, na wenye busara hukikalia upande. Jumamosi moja nilitoka harusini na suruali yangu ya kitambaa, nikakaa katikati kama bwana mkubwa, na Yanga wakafunga bao.

Niliruka. Suruali ikabaki.

Si yote, lakini ilichanika kuanzia mfuko wa nyuma hadi karibu na goti. Hata watu wa Simba, waliokuwa wamenuna, wakapata cha kushangilia. Dada wa kaunta peke yake hakucheka. Aliingia ndani akatoka na upande wa kanga.

“Kaka, jifunge hii. Kesho utairudisha.”

Nikajifunga, nikakata vichochoro gizani mpaka nyumbani, nikijipongeza kwamba hakuna aliyeniona.

Mke wangu alifungua mlango, akanitazama usoni, halafu macho yakashuka. Kanga husomwa, na mimi kwa haraka zangu nilikuwa nimeyaweka maandishi mbele, herufi nyeusi, kubwa: ULIYEMTUNZA NIMEMKUTA NJIANI.

Nilimweleza yote: kiti, waya, bao. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

“Bao kafunga nani?”

Sikumbuki mpaka leo. Wakati wengine wanatazama marudio, mimi nilikuwa nashikilia makalio.

Kanga haikurudi. Mke wangu anasema ni kidhibiti, ingawa juzi nimemkuta anapigia deki. Dada wa kaunta naye hataki upande, anadai doti nzima, kwa sababu kanga moja bila mwenzake, hasa yenye maneno kama yale, haimfai mtu. Kwenye daftari la madeni, chini ya bia zangu mbili, ameandika kwa kalamu nyekundu: “kanga, doti 1.”

Kiti bado kipo, kimeongezewa waya. Ukipita kwetu, kikalie upande.