Kioo Kimegoma: Mwongozo kwa Mkuu wa Kaya

Umewasha kompyuta ya mezani, ile ya zamani. Feni inavuma, taa ya mbele inamulika, kioo cheusi tii. Usiguse kitu. Kwanza waite watoto wote sebuleni, wapange mstari, uulize nani aliichezea. Njia hii haijawahi kuponya monita hata moja, lakini nyumba nzima inapata habari kwamba tatizo limeanza kushughulikiwa.

Kisha kofi. Ubavuni, kwa kiganja kilichonyooka. Tiba hii tumerithi kutoka enzi za runinga za chogo, ambapo risasi iliyoachia kwenye saketi iliweza kugusana tena kwa mtikisiko, picha ikarudi hadi taarifa ya habari iishe. Monita bapa haina chogo wala shukrani: utapasua kioo. Na kama yako bado ni ya chogo, usithubutu kuifungua. Hapo sitanii. Ndani mna umeme unaopita volti 20,000, na unaweza kubaki humo hata waya wa ukutani ukiwa umechomolewa.

Sasa tangaza ugonjwa. Mkuu wa kaya anayejiheshimu huanza na kilicho ghali: “Mazabodi imeungua.” Hata kama hujawahi kuiona mazabodi, sema. Mpwa wako aliyesomea kompyuta akipiga simu, “Shikamoo mjomba, umejaribu kukaza waya?”, mwitikie marahaba na ubadilishe mada. Ushauri mwepesi kiasi hicho hauwezi kutoka kwa kijana uliyemlipia ada.

Bahati mbaya mpwa yuko sahihi. Waya wa VGA, wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili pembeni, ulianza na kompyuta za IBM mwaka 1987 na haujapata kuheshimiwa tangu hapo. Una nafasi za pini 15 katika safu tatu. Tatu za kwanza hubeba nyekundu, kijani na buluu. Ya nyekundu ikipinda, picha yote inageuka samawati. Ikikosekana ya buluu, kila mtu kwenye picha za harusi anakuwa wa manjano. Ikikosekana ya kijani, zambarau inatawala. Nyumbani hali hii huitwa virusi, na programu ya kuviua hununuliwa. Itapekua faili zote usiku kucha na haitanyoosha pini hata moja. Kibano cha kutolea miba kinanyoosha, taratibu, umeme ukiwa umezimwa. Ukikuta pini ya tisa haipo kabisa usiomboleze. Nyaya nyingi hutoka kiwandani bila hiyo.

Tazama pia nyuma ya boksi kama kuna matundu mawili ya kioo. Mashine iliyoongezewa kadi ya picha mara nyingi hulifunga tundu la mazabodi, na waya uliochomekwa humo utasubiri picha hadi Kiyama. Kuna waliokwisha kununua monita mpya kwa ajili ya tundu hilo. Wapongeze.

Bado giza? Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu, kwa mshazari. Ukiona picha hafifu kama mzimu, kompyuta ni nzima. Taa ya ndani ya monita ndiyo iliyokufa.

Usipoona kitu, fungua boksi, baada ya kuchomoa umeme na kushika chuma chake ili mwili wako uache chaji tuli. Vumbi utakalolikuta lina umri wa mashine. Lipulize nje, si sebuleni juu ya wali. Halafu chomoa rami, kile kibao cha kumbukumbu: bonyeza vibano vya pembeni, itainuka yenyewe. Ile mistari ya dhahabu chini yake huota ukungu, na rami isiposomeka kompyuta hailetei kioo chochote. Huenda italia tu “pii, pii”. Dawa ni kifutio cha penseli. Itabidi umwombe mmoja wa watuhumiwa wa sebuleni. Sugua pole pole, pangusa mabaki, rudisha hadi vibano vilie “ta”. Mate hayatumiki, hata kama fundi wa mtaani kwenu huyatumia.

Ukiona kapasita zimevimba vichwa, funga boksi na umtafute fundi wa kweli. Kama kioo kinawaka kisha kinalalamika baada ya Windows 7 kupakia, kuna aliyepandisha ukubwa wa picha kupita uwezo wa monita: bonyeza F8 mashine inapoanza, chagua kuwasha kwa picha ya kiwango cha chini, kisha upunguze.

Picha ikirudi, imebaki kazi ya kiutawala: maelezo kwa familia. Usiseme “ulikuwa waya.” Sema kulikuwa na hitilafu ya mawasiliano kati ya mazabodi na monita, imedhibitiwa. Hujadanganya popote.