Tangawizi, Maziwa na Kakao ya Kyela

Ukishuka kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa, baridi inakuacha njiani, na kabla hujaingia Kyela mjini unaanza kuiona mikakao chini ya migomba, matunda yameota kwenye shina lenyewe, mengine ya njano, mengine mekundu. Mama mkwe wangu amezeeka na miti hiyo. Ameipogoa, ameivuna, amevundika mbegu zake ndani ya majani ya migomba siku tano hadi saba, akaanika, akapeleka ghalani kungoja mnada. Mpe mbegu moja na kisu, ataipasua na kukwambia papo hapo kama imevundikwa ikaiva: ndani iwe ya kahawia, yenye nyufanyufa, isiwe ya zambarau wala ya kijivu. Lakini kuinywa kakao hakuwahi. Jambo hilo limenikera tangu niolewe katika ukoo huu. Mtu aliyelea mti umri wake wote ana haki ya kuijua ladha ya mbegu zake, na si halali kwamba zinaondoka ghafi kwa magunia kisha zinarudi dukani ndani ya kopo dogo ambalo mwenye shamba analiona ghali.

Basi mwezi wa saba mwaka 2024, baridi ya Tukuyu ikiwa imekaza na ukungu haunyanyuki hadi saa nne, mama akapanda kuja kwetu na mfuko wa mbegu chini ya khanga. Mwaka ule bei ya kakao duniani ilikuwa imepita dola 10,000 kwa tani. Kyela nzima ilikuwa inahesabu kilo. Kuutoa mfuko ule kwenye mzigo wa mnada halikuwa jambo dogo. Akauweka mezani, akasema, "Haya mkwe, hiyo kakao ya moto unayoisema kila siku, leo tuione."

Mimi ni mtu wa Muheza. Iliki ya Amani, mdalasini, karafuu na pilipili manga havikosekani kabatini kwangu. Mpango ulikuwa mwepesi kuusema: tukaange, tupete, tutwange, tuchemshe na maziwa. Maziwa Rungwe si tatizo, kila nyumba ina ng'ombe au ina jirani mwenye ng'ombe.

Wifi yangu akashika kazi ya kukaanga. Mbegu za kakao zinataka moto mdogo na mwiko usiotulia, la sivyo ganda linaungua na ndani kubichi. Dakika za mwanzo hakuna harufu ya kakao kabisa, kuna siki. Ni ile asidi iliyoingia wakati wa kuvundika, inatoka na mvuke, nayo inachoma macho. Jirani akaja hadi kwenye uzio, shuka begani, akaita, "Jamani, achari gani hiyo inaungua?" Tukafungua madirisha yote, ukungu ukaingia, watoto wakaanza kukohoa kwa zamu. Kisha mbegu zikaanza kupasuka, ta, ta, na siki ikaondoka. Harufu iliyofuata iliwanyamazisha watoto. Mama akasogeza kigoda chake karibu na jiko, akafumba macho, hakusema kitu.

Ganda la mbegu iliyokaangwa ni jepesi, linavunjika kwa vidole viwili. Tulitoka uani na ungo ili upepo utusaidie kupeta. Upepo ulisaidia kupita kiasi. Sare za shule zilikuwa kambani zikingoja jua kwa siku kadhaa, mashati meupe bado mabichi kwenye mikono, na maganda ya kahawia yakaruka yote yakaenda kutua juu yake. Yakiloa yanatoa rangi. Anayefua mwezi wa saba Tukuyu anajua maji ya bomba yanavyouma mifupa ya vidole. Baba watoto aliyaanua mashati, akajaza beseni, akafua upya bila kumlaumu mtu, nami nilimpenda kwa hilo kuliko kwa zawadi yoyote aliyowahi kuniletea.

Kutwanga ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta. Unatia chenga kavu kinuni, unatwanga unga, unaendelea, na ghafla unga unaanza kushikana, unang'aa, unageuka uji mzito mweusi. Mafuta yenyewe huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili. Kule Kyela kinu kikikaa juani uji ungetoka wenyewe. Kwetu kinu kilikuwa cha baridi, na kila uji ulipotaka kulegea uliganda ubavuni, mchi ukanasa. Mama ndiye aliyepata dawa: akamwaga maji ya moto kinuni, akayaacha, akayamwaga, akakausha kwa kitambaa hadi pasibaki tone, kisha akaupasha mchi pembeni ya makaa. Uji ukaachia. Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta ya kakao hadi kwenye viwiko, akaipaka yote, na mpaka leo anasema baridi ya mwaka ule haikumpasua ngozi.

Hapo ndipo tukafika kwenye maziwa, na nyumba ikapata kesi.

Wifi aliyabandika maziwa jikoni, lita tatu. Yalipoanza kutoa mvuke, kabla ya kuchemka, akatwanga tangawizi mbichi nyingi, akaikamulia yote ndani na makapi yake. Akakoroga. Akatulia kidogo kutafuta chujio. Aliporudi, sufuria ilikuwa na mabonge meupe yakielea kwenye maji ya kijanikijani. Maziwa yamekatika.

Simu ikapigwa kwa kijana anayetuletea maziwa. Wifi alikuwa mkali: umetuuzia maziwa ya jana, umechanganya ya asubuhi na ya jioni, mgeni mzima ametoka Kyela. Kijana hakubishana kwenye simu. Akaja na baiskeli yake, koti limelowa ukungu, akavua kofia, akamwamkia mama, "Shikamoo bibi." Akauliza kama kuna maziwa yaliyobaki kwenye kidumu. Yalikuwepo. Akaomba sufuria safi, akayabandika mwenyewe, sote tumesimama. Maziwa yakapanda, utando juu ukavimba, akayaepua, akayarudisha, yakapanda tena. Hayakukatika. Ndipo akamuuliza wifi kwa upole, "Dada, mlitia nini?"

Mama akachukua kipande cha tangawizi mbichi, akakipondaponda ndani ya kikombe, akamimina juu yake maziwa yaliyokwisha kupoa kidogo. Tukayatazama yakishikana.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na kinafanya kazi kwa kasi maziwa yakiwa na joto la nyuzi 60 hadi 70, yaani pale pale mvuke unapoanza. Kuchemka kunakiua. Chai yetu ya kila siku haikatiki kwa sababu tangawizi huchemka kwanza na maji na majani, maziwa yanafuata. Kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, watu hufanya kwa makusudi kile kilichotupata: humimina maziwa ya moto yenye sukari juu ya maji ya tangawizi, huyaacha yagande, kisha hula kwa kijiko. Yetu tuliyachuja kwa kitambaa, tukatia chumvi, watoto wakayala na viazi.

Mama alimgeukia yule kijana akamshika mikono yote miwili. "Mwanangu, tumekukosea. Kaa." Wifi naye akaomba radhi, tena kwa sauti ya kusikika, kama alivyolaumu kwa sauti ya kusikika. Kijana akaletewa kigoda.

Awamu ya pili niliichemsha mwenyewe. Tangawizi kwenye maji kwanza, pamoja na kijiti cha mdalasini, iliki tano zilizopasuliwa, karafuu tatu na pilipili manga za kutosha kukuna koo. Zikachemka hadi maji yakabadilika rangi. Bonge la kakao nikaliyeyusha kwa maji hayohayo kidogo kidogo, kwa sababu ukilitupa kwenye maziwa mengi linabaki madonge. Maziwa na sukari mwisho, na moto mdogo.

Wifi akamimina kutoka jagi hadi jagi, mkono juu kabisa, povu likapanda. Kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kuna chombo cha Wamaya chenye umri wa zaidi ya miaka 1,200, kimechorwa mwanamke akimimina kakao namna hiyohiyo, chombo hadi chombo, ili itoe povu. Yeye hakuwa na maziwa wala sukari. Mafuta yalielea juu ya vikombe vyetu kwa vidoa vidogo vya dhahabu. Ndiyo mafuta ambayo viwandani hukamuliwa, tangu Van Houten wa Uholanzi alipopata hati ya mashine yake mwaka 1828, na kinachobaki ndicho kinachosagwa kikatiwa kopo. Nasema bila kusita: ile yenye mafuta yake ni tamu zaidi.

Kikombe cha kwanza alipewa kijana wa maziwa. Mama alionja chake, akakishusha, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na papo hapo akaniambia karafuu zimezidi, mbili zinatosha. Sikubaliani naye hadi leo.

Wiki iliyofuata akapiga simu kutoka Kyela. Alikuwa amewafundisha wenzake wa kikoba, wametwanga kinu kimekaa juani, uji umetoka upesi, na kwa sababu ya joto wameinywa bila maziwa, imepoa, na pilipili manga. Wanataka kuipika tena mkutano ujao. Kyela iliki ni ya kutafuta, akasema, na ya dukani haina harufu. Nikamtumia robo kilo ya Amani kwa basi la asubuhi.