Firigisi Jukwaani: Ushauri kwa Watunzi wa Maigizo ya Krismasi

Mazoezi ya maigizo ya sikukuu yanapoanza mkoani Singida, malalamiko ya wanaoyaandaa nayo huanza. Matatu kati yake yanajibiwa hapa kwa uzito wa kitaaluma ambao pengine waulizaji hawakuutarajia.

Mtunzi wa Kiomboi anaeleza kuwa igizo lake linahusu ndugu wawili wanaogombea shamba la alizeti la marehemu baba yao, lakini shamba likitajwa tu, hotuba hurefuka na watazamaji husinzia.

*Jibu:* Mgogoro, yaani mvutano wa matakwa unaosukuma mbele matukio ya mchezo, huonekana vizuri zaidi unapopitishwa katika kitu kidogo. Henrik Ibsen, katika mchezo wake wa mwaka 1879 unaoanzia mkesha wa Krismasi, alimwonyesha Nora akimficha mumewe vitafunio vitamu, muda mrefu kabla ya kufichuka kwa deni alilolificha vilevile. Kiomboi haina haja ya vitafunio vya Norwei, kwa kuwa kuku wa kienyeji wapo, na firigisi, ambayo katika nyumba nyingi huwekewa baba mwenye nyumba, inatosha kabisa. Mama aitoe jikoni, asite kati ya kaka mkubwa aliyebaki kijijini kulima na mdogo mtu aliyeshuka jana kwenye basi la Dar es Salaam na kreti mbili za soda, kisha amwekee mdogo. Na kwa kuwa Krismasi ya Singida huangukia msimu wa kupanda, kaka mkubwa awe ameketi na udongo mbichi miguuni. Shamba litakuwa limeshatajwa kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa.

Mwongozaji wa Ikungi analalamika kuwa shangazi yake, aliyepita mazoezini, alijitambua katika mhusika anayehesabu vipande vya nyama, na sasa anakataa kuazimisha sufuria lake kubwa.

*Jibu:* Shangazi ana hoja ya kifasihi. Amechorwa kama mhusika bapa, yaani asiyebadilika na mwenye sifa moja tu, ilhali anastahili kuwa mhusika duara, ambaye tabia zake zina sababu na hubadilika kadiri mambo yanavyokwenda. Mtunzi aonyeshe kwamba mama huyo alijifunza kuhesabu vipande katika miaka ya njaa, alipowalea watoto wa kaka yake kwa chungu kimoja. Aidha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Malya, mkoani Mwanza, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walishirikiana na wanakijiji katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo, yaani utaratibu ambao jamii huchunguza matatizo yake, huyaigiza, kisha huyajadili. Kwa kufuata utaratibu huo, shangazi apewe nafasi ya kwanza katika mjadala baada ya onyesho. Sufuria lisitajwe mpaka amalize kusema.

Mwenyekiti wa vijana wa Manyoni, ambao nao wanaigiza ndugu wawili wanaogombea shamba, anauliza afanyeje, kwa kuwa wazee wa kanisa wanataka familia ikumbatiane mwishoni, ilhali vijana wanataka mdogo mtu apande basi alfajiri bila kuaga.

*Jibu:* Nora wa Ibsen aliondoka, naye Ebrahim Hussein, katika mchezo wake *Wakati Ukuta*, hakuufunga mvutano wa Tatu na mama yake kwa nasaha za wazee, bali aliuacha umfuate binti huyo hadi katika ndoa yake. Hata hivyo, wazee hawakosei kutaka upatanisho. Wanachokosea ni kuutaka bure. Kwa hiyo basi lipige honi, mdogo mtu aliache liende, aingie shambani na viatu vyake vya mjini, na kaka yake amkabidhi jembe bila kumtazama. Asikumbatiwe mtu. Wazee wakiuliza iwapo ndugu hao wamepatana, wajibiwe kuwa nauli haikurudishwa.