Mapumziko ya Mpwapwa na Beberu wa Shangazi

Wazo lilikuwa la Mama Pacha. Alilitupia kwenye grupu la WhatsApp usiku, watu wakiwa na usingizi wa kukubali lolote: shule zinafungwa Juni, upepo wa Dodoma umetujaza vumbi mpaka kwenye masufuria, basi twendeni Mpwapwa tukapumzike. Sote tulisomea ualimu pale Chuo cha Ualimu Mpwapwa, tukala maharage yake mpaka tukayazoea, na tangu tumalize hatukuwahi kurudi pamoja. Masharti ya safari yakapitishwa papo hapo: hakuna kupika, hakuna kufua, hakuna kubeba mtoto wa mtu.

Gari lilitoka kwangu, yaani lilitoka kwa Baba Watoto. Ni Noah, na viti vyake bado vimevaa nailoni ileile liliyokuja nayo kutoka bandarini. Baba Watoto hataki itolewe. Jua likiwaka, mgongo unalowa, na ukiinuka kiti kinatoa sauti ya kukuaibisha mbele ya wakwe. Alinikabidhi ufunguo kwa maneno mengi kuhusu gari: nailoni isichanike, chakula kisiliwe ndani, mafuta ujaze mwenyewe. Nilipokuwa nimeshawasha ndipo akakumbuka, "Na wewe Mama, ujiangalie."

Tukapita Ihumwa, tukapita Chamwino, pale Mbande tukakata kulia. Mwenzetu mmoja, Mwalimu wa Hesabu, hawezi kuona kibao cha barabarani akanyamaza, na alipoona Kongwa akaanza somo. Mwaka 1947, vita vimekwisha na Uingereza inahangaika na uhaba wa mafuta ya kula, Waingereza walikuja hapa na mpango wa kulima karanga kwa mashine. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kwa mabaki ya vifaru vya vita, wakaanza kung'oa vichaka. Mvua hawakuielewa, udongo hawakuupima vya kutosha. Kiangazi ardhi ilikakamaa hata karanga hazing'oki. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa na kama pauni milioni 36 zimekwenda nao. Mama Pacha akadakia kwamba shangazi yake wa Mpwapwa analima karanga kwa jembe la mkono na hajawahi kumpa hasara mtu. Tukacheka sana. Hatukujua tunacheka kazi iliyokuwa inatusubiri.

Ukitaka ukweli, mji wa Mpwapwa hauko juu ya mlima. Uko chini yake, na kwa mwinuko Dodoma inauzidi kidogo. Ila mlima Kiboriani ukishausimamia mji, na ile miti, mtu wa Dodoma anajihisi amepanda. Sifa ya kupumzisha watu nayo si ya jana. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilitulia hapa, wapagazi wakajaza vibuyu kabla ya kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya maana, kuingia Ugogo. Stanley naye alipita huku mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wote hao walikuwa na bahati moja: hakuna aliyekuwa na shangazi Mpwapwa.

Sisi tulikuwa naye. Lodji tulishailipia, lakini kabla hatujateremsha begi hata moja, kijana wa baiskeli akasimama mbele ya gari akasema ametumwa na bibi. Mama Pacha akaangalia pembeni. Kumbe asubuhi alimpigia shangazi "kumsalimia tu."

"Mbukwenyi!" shangazi akatupokea uani.

"Mbukwa! Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu. Nasikia mnataka kulala lodji. Kwani mimi nimekufa lini?"

Swali hilo halina jibu. Tukateremsha mabegi. Ugali wa uwele ukaja na mlenda, tukala mpaka tukalegea, na tulipoegemea ukuta tukaona vizuri kilichokuwa nyuma ya nyumba: magunia ya karanga za msimu, zote na maganda yake.

Hakutuamrisha. Shangazi wa Kigogo haamrishi mgeni. Alitandika mkeka, akaketi, akaanza kubangua peke yake huku akiugulia kiuno kwa sauti ya chini. Nani angekaa akatazama? Tukashuka mkekani. Kubangua karanga za mbegu kuna adabu yake: unaminya ganda kwenye ncha kwa kidole gumba mpaka lilie, unalifungua, na punje itoke na ngozi yake nyekundu haijakwaruzika. Iliyopasuka inakwenda bakuli la mchuzi, iliyo nzima inakwenda kwenye debe la mbegu. Shangazi alikuwa anapekua bakuli letu, anatoa punje moja, anaitazama kwenye mwanga, kisha anamtazama Mwalimu wa Hesabu. Hasemi neno. Siku ya pili vidole gumba vilikuwa vimevimba na hakuna aliyeweza hata kuandika ujumbe kwenye simu. Kiboriani, ambao tulipanga kuupanda, tuliutazama kutoka mkekani. Chuoni tulifika jioni moja, tukapiga picha getini, tukarudi kumalizia gunia.

Baba Watoto alikuwa anapiga simu kila usiku. "Gari linaendeleaje?"

Siku ya kuondoka, Jumapili, shangazi alitoka bandani na beberu mweusi mwenye ndevu za mzee wa baraza. "Huyu ni wa baba mwenye gari." Kukataa zawadi ya mbuzi ni kumtukana aliyemfuga, hivyo akapakiwa nyuma pamoja na debe la karanga, amefungwa miguu.

Beberu alitulia kama abiria aliyelipa nauli, mpaka tulipofika kizuizini. Askari alikuwa anatutakia safari njema wakati beberu alipoamua kusalimia. Kibali cha kusafirisha mifugo kiko wapi? Hatukuwa nacho, na sheria inataka kiwepo, hata mbuzi akiwa mmoja na wa shangazi. Tukageuza gari. Ofisi zimefungwa, afisa mifugo yuko kanisani, na ibada ndiyo kwanza imefika kwenye matangazo. Tukakaa chini ya mwembe tukimsubiri, milango ya gari tumeiacha wazi ili mnyama apate hewa.

Kamba zilikuwa zimelegea. Afisa alipotoka ibadani na kuja kumkagua, beberu alikuwa amesimama juu ya kiti cha nyuma, na nailoni yote ya kiti hicho iko vipande vipande, kingine mdomoni. Afisa akamchomoa kile kipande taratibu, akatueleza kwamba plastiki ikijaa tumboni inaua mnyama, akaandika kibali, akatukatia risiti. Mama Pacha alikalia kile kiti kisicho na nailoni mpaka Dodoma akasema hajawahi kusafiri vizuri hivyo.

Baba Watoto alitupokea na tochi. Alimulika viti, akanyamaza muda mrefu. Halafu akammulika beberu, akamzunguka, akampapasa mgongo, akauliza ana umri gani. Ya nailoni hakuyarudia tena.

Ila kumchinja amekataa. Anasema mnyama aliyekula plastiki lazima aangaliwe kwanza. Wiki ileile, huku akiendelea kuangaliwa, beberu alimaliza mzabibu wetu wa uani tuliotarajia kuuvuna Agosti. Baba Watoto akasema ni kawaida ya mbuzi. Mzabibu aliupanda yeye mwenyewe; ningeuharibu mimi, ukoo mzima ungeitwa kikao.

Nawe ukienda Mpwapwa kupumzika, nenda siku za kazi. Ofisi ya mifugo inakuwa wazi.