Wezi Wetu Wapendwa
Nyumbani kwangu siku hizi ni marufuku kuwatetea polisi. Tangu mpwa wangu aanze kuitazama upya La Casa de Papel, tamthilia ya Kihispania kuhusu genge la wezi wanaoteka watu, kusema kwamba mwizi ni mwizi kumekuwa usaliti. Nikiuliza wale mateka walimkosea nani, najibiwa, “Mjomba, wewe ni wa mfumo.”

Hoja ya Profesa, kiongozi wa genge hilo, naijua kwa ghibu, maana husomewa kila tunapokula. Eti hawamwibii mtu: wanaingia kiwanda cha noti cha Madrid, wanajichapishia euro zao. Mbona Benki Kuu ya Ulaya iliyamwaga mabilioni kwenye mabenki na hakuna aliyetiwa pingu? Hapo mimi hunyamaza nikatafuna. Hispania ilikuwa imetoka kwenye mdororo uliowatoa watu majumbani kwa sababu ya mikopo, na hasira ile haikuwa ya kuigiza. Mwaka 2019 vinyago vya Salvador Dalí vya genge lile vilionekana kwenye maandamano ya kweli, Lebanon na Iraq.

Ila ni ukombozi gani huu unaolipiwa kila mwezi? Wahispania wenyewe walianza kuuchoka mapema: Antena 3 ilipoionyesha tamthilia hiyo mwaka 2017, watazamaji walijaa mwanzoni, kisha wakapungua. Netflix ikaichukua, ikaikata upya vipande vifupi, na dunia nzima ikapata wanamapinduzi wa kwenye makochi. Bella Ciao, wimbo wa Waitaliano waliopambana na mafashisti, sasa unapigwa disko. Mpwa wangu huuimba bafuni, beti zote, maji yakimwagika. Maji yenyewe ni ya boza, na boza nalipa mimi.

Halafu kuna suala la mji wetu. Katika wezi wanane walioingia kiwandani, kila mmoja na jina la mji, Afrika nzima ilipewa nafasi moja: Nairobi. Na kazi yake? Kusimamia uchapishaji wa noti. Sijui nani aliwadokezea waandishi habari za River Road yetu na vitu vyake bandia. Mwaka 2020 wakampiga risasi ya kichwa, wala sisi wenye mji hatukuletewa hata pole.

Jana nilimwambia kijana achangie pesa ya intaneti. Akaeleza, kwa sauti ya Profesa kabisa, kwamba mawimbi yaliyo hewani hayana mwenyewe. Nikabadilisha nywila. Tangu asubuhi amejifungia chumbani na rimoti ya televisheni, na ameniletea masharti yake kwenye karatasi chini ya mlango. La kwanza ni chapati.